Ukuta usiong'aa: chokaa, mati, ganda la yai au hariri?

Mwenye haraka achukue hili aondoke. Nyumba ya mawe ya zamani, paka chokaa. Nyumba ya matofali yenye lipu ya saruji, paka mati (rangi isiyong'aa) darini na vyumba vya kulala, ganda la yai (inayong'aa kwa mbali) ukumbini na ushorobani, na jikoni na chooni usishuke chini ya hariri (silki, inayong'aa zaidi kidogo). Nje ipakwe mati ya nje, si ile ya ndani iliyobakia kwenye ndoo. Asiye na haraka tukae, maana kila moja katika hayo ina "lakini" yake, na hizo lakini ndizo zinazokula pesa.

Mazungumzo haya utayasikia katika duka lolote la vifaa vya ujenzi Zanzibar, iwe Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake:

"Mwanangu, nipatie rangi isiyong'aa."

"Ipo mati, mama, na ipo silki. Silki inang'aa kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo hivi." Na mkono unapepea hewani.

Mama anaondoka na ndoo ya lita 20 bila kujua ukutani itatokaje, na ndoo ikishafunguliwa hairudishwi.

Maneno ya kwenye ndoo

Ndoo nyingi zinazofika visiwani zimeandikwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno chungu nzima ya kitu kisichong'aa, wala hayana maana moja. Ukianzia chini kabisa kuna Dead Matt, isiyorudisha mng'ao wowote hata ukiitazama kwa ubavu. Inafuata Matt, ambayo Wamarekani huiandika Flat. Halafu Eggshell, yaani ganda la yai: ukiitazama kwa mbele huoni mng'ao, ukisogea ubavuni mwa ukuta unauona kwa mbali. Juu yake zipo Satin, kwa maana ya kitambaa cha atlasi, na Silk, yaani hariri, ambayo mafundi wengi wanaiita silki. Mwisho ni Gloss, ile ya kujitazamia uso.

Tabu iko hapo katikati. Kipimo cha Ulaya, EN 13300, kinazitenganisha rangi za ndani kwa kurusha mwanga ukutani na kupima unaorudi, na kioo cheusi kilichosuguliwa ndicho kinachohesabiwa 100. Ukirusha mwanga kwa nyuzi 85, rangi inayorudisha chini ya 10 ni mati, na inayorudisha chini ya 5 ni mati kabisa. Ukirusha kwa nyuzi 60, inayorudisha 60 au zaidi ni ya kung'aa. Zote zilizobaki kati ya hapo zimerundikwa kundi moja, na humo ndimo ganda la yai, atlasi na hariri zinamojibanza pamoja. Kila kiwanda kinachagua jina lake. Atlasi ya kampuni moja yaweza kuwa hariri ya jirani yake, kwa hiyo usimwambie muuzaji "nipe satin kama ile ya zamani" huku umebadilisha kampuni. Mwombe akupe kibao kilichopakwa kikakauka, ukakitazame kwa ubavu mlangoni penye mwanga.

Yapo maneno mengine ambayo huyakuti kwenye ndoo hata siku moja, na wenye nyumba za wageni hasa wanayahitaji. Dull ni lawama: kitu kilitakiwa king'ae kikashindwa, au chumba kimepooza hakivutii. Faded ni rangi iliyofifia kwa jua au kwa kufuliwa. Tarnished husemwa kwa madini, shaba na fedha zilizoingia weusi. Chalky ni ukuta unaotoa unga ukiugusa. Drab ni ile rangi ya kijivu au kahawia iliyochosha macho, hata kama imepakwa jana. Mgeni akiandika kwamba kuta za chumba chako ni matt, anaeleza alichokiona. Akiandika ni dull, analalamika, na wageni wengine watakaosoma wataelewa hivyo hivyo. Na wewe unapotangaza chumba chako kwa Kiingereza, usijiandikie dull kwa kudhani umesema "haking'ai".

Kwa nini rangi moja ing'ae na nyengine isingʼae? Rangi ina unga unaoleta weupe au wekundu, na ina gundi inayoushika unga ukutani. Gundi ikiwa nyingi, inaufunika unga wote na kukauka ikiwa sawasawa juu. Mwanga ukigonga hapo unarudi upande mmoja, na huo ndio mng'ao. Unga ukizidi, chembe zinachomoza juu ya gundi, uso unabaki na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa jicho, na mwanga unatawanyika kila upande. Mengine yote ninayoyasema hapa chini yanatokana na hilo. Rangi yenye gundi nyingi inafutika lakini inaonyesha kila kasoro. Yenye unga mwingi inaficha kasoro lakini inakamata uchafu.

Nyumba ya mawe: hapa hakuna mashindano

Kama nyumba yako ipo Mji Mkongwe, au ni moja ya zile za mawe zilizobaki Chake Chake na Wete, weka ndoo zote pembeni. Kuta hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikashikwa kwa chokaa na udongo, na ni nene kweli. Zinakunywa maji kutoka ardhini, kutoka kwenye mvua inayopigwa na upepo, na kutoka kwenye lile paa ambalo kila mwaka tunasema tutalitengeneza. Aliyezijenga alilijua hilo. Akazipaka kitu kinachoruhusu maji yatoke tena kama mvuke, na kitu chenyewe ni chokaa.

Rangi ya maji ya kisasa hutengeneza ngozi juu ya ukuta. Hariri inaziba zaidi kuliko mati, na rangi ya mafuta inaziba kuliko zote. Maji yakikosa njia yanabaki ndani, na chumvi iliyoyeyuka humo inaganda nyuma ya ngozi hiyo na kuisukuma. Utayaona malengelenge, mara nyingi kuanzia usawa wa goti hadi kiunoni. Libonye moja kwa kidole gumba: linapasuka kwa mlio mdogo, na ndani unatoka unga mweupe wenye unyevu ambao ukiuonja ni chumvi tupu. Wengi hapo wanakwangua, wanapiga lipu ya saruji na kupaka tena hariri. Maji hayo sasa yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani. Boriti ikioza kichwa, suala si rangi tena.

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli katika nyumba ya mawe ni kati ya chokaa na kubomokewa polepole, na mimi sioni cha kujadili. Ila tusiipambe chokaa kupita kiasi. Inatia unga: ukiegemea umevaa buibui jeusi, mgongo wako utasimulia ulikokaa. Haidumu miaka kumi. Upande unaopigwa na mvua utataka mkono mpya, yaani tabaka jipya, kila mwaka au miaka miwili. Na haishiki juu ya ile rangi ya maji ya kisasa. Lazima ile ya zamani ikwanguliwe mpaka lipu ya chokaa yenyewe ionekane, na kazi hiyo ndiyo inayofanya watu wakate tamaa katikati, wakabaki na ukuta wa mabaka.

Faida zake lakini ni kubwa. Kwanza ni rahisi kwa bei. Pili, chokaa mbichi ni kali mno, kiasi kwamba ukungu hauoti juu yake ikiwa mpya, jambo ambalo katika vyumba vya chini vya Mji Mkongwe si dogo. Tatu ni mwanga. Weupe wa chokaa hauna mng'ao hata kidogo, kwa hiyo jua linalogonga ghorofa ya juu linatawanyika na kushuka mpaka chini ya uchochoro bila kumchoma mtu macho. Paka uchochoro huo huo hariri nyeupe na saa saba mchana utatembea umefumba.

Jinsi ya kuipaka inafaa isemwe taratibu, kwani wengi wanaoilaumu chokaa waliipaka kama rangi. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuri kwa moto wa karibu nyuzi 900 hupoteza hewa ya ukaa. Likitiwa maji linachemka lenyewe na kuwa uji. Na uji huo ukipakwa ukutani unaivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Kurudi huko kunataka muda na unyevu. Ndiyo maana ukuta hulowanishwa kwanza kwa maji, na ndiyo maana hupaki juani. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa angalau usiku mzima, na ikikaa zaidi inazidi ubora. Ichuje. Iwe nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Ikiwa nzito itapasuka na kubanduka. Mkono wa kwanza ukiupaka utadhani hujapaka kitu, ukuta unaonekana mtupu kabisa. Weupe unakuja unapokauka. Hapo ndipo fundi asiye na subira anapoongeza uzito, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Mikono mitatu hadi mitano myepesi, kila mmoja baada ya uliotangulia kukauka, inashinda mmoja mzito.

Wako wanaotia buluu kidogo ya kufulia ili weupe usiingie umanjano, na hiyo inakubali chokaa. Ukitaka rangi nyengine, tumia unga wa udongo, wa njano au mwekundu. Rangi nyingi za kuchanganya za dukani zinauliwa na ule ukali. Na fundi avae miwani. Tone la chokaa jichoni ni safari ya hospitali.

Nyumba iliyomo ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, ina jambo moja zaidi: kabla hujagusa lipu au kubadilisha sura ya nje, pita kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Watakwambia chokaa pia.

Lipu ya saruji: mati na hariri zinapokutana uso kwa uso

Sasa nyumba za wengi wetu, za matofali na lipu ya saruji, kuanzia Kikwajuni hadi Fuoni, pamoja na fleti za Michenzani. Hapa chokaa si lazima, na uchaguzi upo kweli.

Simama ukumbini saa mbili asubuhi jua likiingia kwa dirisha la mashariki na kuupitia ukuta kwa ubavu. Kama umepaka hariri, utaiona kazi yote ya fundi wa lipu: mapito ya bao, mahali alipopumzika kula, kiraka cha fundi wa umeme alipochimba waya, na kivimbe juu ya swichi. Mchana ukuta huo ulionekana safi. Ukiupaka mati, mwanga ule ule unatawanyika na kasoro zinazama. Kwa hiyo swali la kwanza ni lipu yako ikoje, ndipo uulize unapenda nini. Lipu iliyopigwa skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha, ikasuguliwa msasa mpaka ikanyooka inaweza kubeba hariri. Lipu ya kawaida ya mtaani haiwezi, na hakuna mikono ya rangi itakayoinyoosha.

Swali la pili ni viraka. Ukuta utatobolewa, hilo halina shaka: leo kiyoyozi, kesho televisheni. Mati iliyobaki kwenye kopo ukiipaka juu ya tundu lililozibwa, baada ya kukauka pengine hutaliona tena. Hariri itakuachia pande lenye mng'ao tofauti na kuta zinazolizunguka, hata kama rangi imetoka ndoo hiyo hiyo, na utalazimika kupaka ukuta mzima kuanzia kona hadi kona.

Mpaka hapa mati inaongoza. Inapoanguka ni kwenye mikono na migongo ya watu. Nenda baraza yoyote iliyopakwa mati, utazame ukuta juu ya kibao cha kukalia. Kwa usawa wa mabega kuna mkanda uliokolea, wa kijivu, unaong'aa. Kila mahali anapokaa mtu pana bapa lake, na bapa la mzee anayekaa karibu na mlango ni jeusi zaidi kuliko mengine. Mafuta ya nywele na jasho vimeingia katikati ya chembe za rangi, na kusuguana kumezilaza chembe zenyewe, ndiyo maana palipokuwa hapang'ai sasa panang'aa. Huwezi kupafuta. Ukisugua kwa sabuni unazidi kulaza chembe, na mng'ao unaongezeka. Hariri ingefutwa kwa kitambaa chenye maji dakika moja, yakaisha.

Ndipo ganda la yai linapokuja, na kwa ukumbi na ushoroba wenye watoto mimi nalichagua hilo. Lina gundi ya kutosha kufutwa, na mng'ao wake hautoshi kuisema vibaya lipu. Ubaya wake ni kupatikana: maduka mengi yanaweka mati na silki tu, kwa sababu ndizo zinazoulizwa. Ukilikosa, tafuta mati inayofulika. Neno hilo lisikutoshe lakini, kila kampuni inalitumia. Tazama kama ndoo imeandikwa daraja la kusuguliwa: kipimo kile kile cha Ulaya kina madaraja matano, la 1 ndilo linalostahimili kuliko yote na la 5 ndilo hafifu. Mati ya daraja la 1 au la 2 inavumilia kitambaa na sabuni laini. Ndoo isiyoandika kitu, chukulia haifuliki, hata muuzaji aape.

Chumba cha kulala sitakichosha: mati, yoyote nzuri. Hakuna anayeegemea kuta zote, na usiku taa ikiwaka haupigwi na mng'ao machoni. Darini pia mati, na hapo hata ile rahisi inatosha, kwani dari haiguswi. Dari ya hariri ni kosa ambalo huwezi kulificha. Kila kiungio cha jipsamu kitajichora.

Jikoni na chooni

Mvuke wa wali, mafuta ya samaki wa kukaanga, na kwa wengi bado moshi wa mkaa. Mati jikoni inageuka manjano na kunata ndani ya mwaka mmoja, na haisafishiki. Paka hariri, au vigae mpaka usawa wa kifua na hariri juu yake. Chooni na bafuni ni hivyo hivyo, na hapo ongeza jambo moja: usikubali skimu ya jipsamu. Jipsamu inayeyuka kidogo kidogo ikikaa na maji, inalainika, halafu rangi nzuri kabisa uliyoinunua inashuka nayo vipande vipande. Skimu ya huko iwe ya saruji nyeupe. Ukungu ukiota juu ya hariri ujue tatizo ni dirisha dogo. Rangi imefanya kazi yake kwa kukuwezesha kuufuta.

Rangi ya mafuta nitaitaja kwa sababu skuli na hospitali zetu zimeizoea: nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta iliyokolea, nusu ya juu rangi ya maji nyeupe. Mantiki ni nzuri, mikono ya watoto haifiki juu. Nyumbani, hata hivyo, hariri inaifanya kazi hiyo bila ile harufu inayokaa siku kadhaa. Ukiipenda hata hivyo, usiipake juu ya lipu mpya. Saruji mbichi ina ukali unaoigeuza mafuta kuwa sabuni, na rangi inabaki ikinata haikauki. Ipe lipu siku 28 kwanza. Na kopo liwe limeandikwa kwamba halina madini ya risasi (lead), maana watoto wanatia vipande vya rangi mdomoni.

Nje, na ule mng'ao unaopotea wenyewe

Nje ukuta unapigwa na jua, chumvi ya bahari na masika. Rangi ya ndani, hata iwe hariri ghali, gundi yake haikutengenezwa kwa jua na itaachia. Kwa hiyo ni rangi ya nje, na kati ya mati ya nje na hariri ya nje naiunga mkono mati. Hariri inabaki safi muda mrefu zaidi, mvua inaiosha, hilo ni kweli. Lakini kuta za nje zina nyufa ndogo ndogo nyingi, na mng'ao unazitangaza zote mpaka barabarani. Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, nimeona watu wakipaka hariri futi tatu za chini tu, pale matone yanaporukia na tope, na mati juu yake. Ni mpango mzuri ukiufanya kwa rangi mbili tofauti. Kwa rangi moja unaonekana kama kazi iliyoachwa njiani.

Hapa ndipo watu wanapochanganya ukuta wa mati na ukuta uliopauka. Pitisha kiganja juu ya ukuta mkavu. Kikitoka kisafi, hiyo ni mati na haina neno. Kikitoka na unga wa rangi ya ukuta, jua limekula gundi na chembe zimebaki hazina kinachozishika. Ukipaka rangi mpya juu ya unga huo, umeipaka juu ya vumbi, na itabanduka pamoja nalo. Osha ukuta kwa brashi ngumu na maji, uache ukauke barabara, pima tena kwa kiganja, kisha paka mkono mmoja wa praima ya kushika unga kabla ya rangi yenyewe. Rangi zilizokolea, kama kijani na nyekundu, huonyesha kupauka mapema kuliko nyeupe na krimu, kwa sababu ule unga ukilala juu ya ukuta huonekana mweupe-mweupe.

Milango ya kuchonga ni mada ya peke yake, ila kwa kuwa watu wanauliza: vanishi ya kung'aa juani inapasuka na kubanduka, na kuikwangua kwenye nakshi ni adhabu. Mafuta ya mbao hayaachi mng'ao mkubwa na unayarudia bila kukwangua chochote. Njumu za shaba zikiingia weusi, ukwaju unazing'arisha, lakini zisuguwe kwa kitambaa kidogo na usimwage maji yake kwenye mbao. Mimi naona shaba iliyoiva rangi inapendeza zaidi mlangoni. Wenye mahoteli wanaona vingine.

Lini, na kiasi gani

Desturi yetu ni kupaka nyumba kabla ya Sikukuu, na kuna miaka desturi hiyo inagongana na mvua: Idi el Fitri ya mwaka 2024 iliangukia Aprili, masika yamepamba moto. Rangi ya maji ikipakwa kwenye ukuta unaotoa jasho haishiki, na hariri ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu inaufungia unyevu ndani. Ikibidi kabisa upake kabla ya Idi, paka mati vyumba vya ndani, uache nje mpaka upepo wa kusi uanze na ukuta ukauke. Chokaa inauvumilia unyevu kuliko zote, ila mvua ikiipiga kabla haijashika inaioshea barazani.

Kwa kiasi, hesabu lita moja kwa mita 10 za mraba kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini; ukuta wa kukwaruza unakunywa zaidi. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za mita 3 kina mita 42 za mraba, toa mlango na madirisha zinabaki kama 37. Mikono miwili ni 74, basi galoni mbili za lita 4 zinatosha na kubakisha kidogo. Hicho kidogo kimimine kwenye kopo dogo lijae mpaka juu, hewa isipate nafasi, na juu ya kifuniko andika chumba, tarehe, jina la kampuni na namba ya rangi. Likiwa limeandikwa Matt, utalihitaji fundi wa kiyoyozi akishaondoka.